Uzi wa Bluu na Bomba la Mwisho

Mwezi uliopita mama alihamia kwangu. Alikuja na mabegi mawili ya nguo na boksi moja la vyombo, na boksi hilo alilipakata njia nzima kutoka Tanga kwa sababu hakumwamini mtu mwingine kulibeba. Nilipolifungua jikoni, kitu cha kwanza kutoka kilikuwa harufu ya jira. Mama huweka jira ndani ya kopo, kopo ndani ya mfuko, mfuko ndani ya sufuria, na bado harufu humshinda na kutoka. Chini kabisa, limeviringishwa kwenye kipande cha kanga kuukuu, nilikuta bakuli langu.

Nasema langu kwa sababu jina langu liko kwenye kitako chake, limeandikwa na baba kwa rangi nyekundu. Ni bakuli jeupe la bati lililopakwa enameli, lenye mkono kama wa kikombe. Wenzangu wa rika langu mnayajua haya, yale yakianguka yanabanduka kipande na kuacha doa jeusi lisilotoka tena. Kwenye mkono wake kuna uzi umefungwa mafundo matatu. Sasa umekuwa wa kijivu, lakini mimi niliujua ukiwa wa bluu, na kwa siku kadhaa za utoto wangu niliuogopa uzi huo kuliko nilivyomwogopa mbwa.

Nilikaa kwenye stuli nalo mapajani. Ngoja niwaeleze tangu mwanzo, taratibu, maana hili ni jambo ambalo lingekwisha kwa dakika moja kama mtu mmoja tu angelieleza.

Baba alikwenda Guangzhou, China, kusomea mambo ya maji na mabwawa kwa ufadhili wa serikali, mimi nikiwa na miaka mitatu. Kwangu akawa sauti ya simu kwa jirani siku ya Jumapili, na picha iliyobandikwa juu ya kitanda cha mama. Nilipofika miaka saba akapata kibali cha kutuchukua. Wiki ya kwanza nilimwonea aibu kama mgeni, nikajificha nyuma ya mama kila alipoingia. Wiki ya pili nilikuwa nalala nimeshika mkono wa shati lake. Tangu hapo sikutaka tena kuishi mahali ambapo yeye hayupo. Kumbukeni hilo, maana ndilo lililonifanya nifanye nilichofanya.

Tulikaa kwenye bweni la wageni la chuo. Wanafunzi wa Kichina walikuwa na mabweni yao ng'ambo ya uwanja wa mpira wa kikapu, watu wanane chumba kimoja, nguo zimeanikwa kila dirisha. Sisi tulikuwa na chumba chetu, bomba letu la maji ya moto, na ukumbi wetu wa chakula wenye vitambaa mezani. Getini alikaa mama mmoja mwenye miwani na daftari. Mgeni wa nje alipita. Mchina alisimama, akaandika jina, akaacha kitambulisho, na kengele ikilia lazima awe ameshuka. Mimi mtoto niliona ni heshima tumepewa, kama wageni wa harusi wanaokalishwa mbele. Baba alinieleza kuwa ukuta hutenga pande mbili kwa wakati mmoja; anayezuiwa kuingia anazuiwa, na aliye ndani naye hapati rafiki. Sikuelewa. Nilipenda tu maji ya moto.

Shida ilikuwa chakula. Ule ukumbi wa vitambaa ulikuwa na nguruwe kila mahali, mpaka kwenye mafuta ya kukaangia mboga. Chuo kilikuwa na jiko la Waislamu, huko ndiko baba alikokula siku zote, lakini tulifika likizo ya kiangazi na mpishi alikuwa ameenda kwao. Mama akawa anapika chumbani kwa jiko dogo la koili, kinyume cha sheria, madirisha wazi na kanga mlangoni kuziba harufu. Harufu ya jira haizibiki. Siku ya kumi mama wa getini alipanda ngazi, akachomoa jiko, akaondoka nalo mikononi kama mtoto mchanga.

"Basi," mama alimwambia baba alipotoka maabara. "Mimi siwezi kulea mtoto kwa mkate na ndizi."

"Jiko la Waislamu litafunguliwa, mke wangu. Mpishi anarudi."

"Kila siku anarudi. Sikiliza. Nakupa mpaka mwezi huu uishe. Tukiwa hatujapata pa kula kama watu, mimi na mtoto tunarudi Tanga, wewe umalize shule yako kwa amani."

Baba alikuwa amebakiza miaka miwili. Nilikuwa kitandani, najifanya nachora. Mama yangu si mtu wa kutishia. Akisema atafanya, amefanya.

Aliposema "kama watu," alikuwa na sababu yake. Nje ya geti la chuo kulikuwa na kiduka cha chai ya mizizi, ile chai nyeusi na chungu ambayo watu wa Guangzhou hunywa ili kutoa joto mwilini. Glasi zilipangwa kwenye meza ya bati, kila moja imefunikwa kwa kipande cha kioo. Watu walisimama, wakanywa kwa mkupuo, wakarudisha glasi, wakaenda zao. Siku ya kwanza tulipofika sisi, muuzaji alichukua glasi iliyokwisha kujaa, akaimimina chai kwenye mfuko wa nailoni, akatia mrija, akafunga kwa raba. Kwa kila mmoja wetu mfuko wake. Nilifurahi mno! Niliuning'iniza kidoleni nikatembea nao kwa maringo, nikawaonea huruma wale waliopewa glasi tu.

"Mama, wale wengine wamenyimwa mifuko," nilisema.

"Kunywa, mwanangu."

Mara ya pili nilitaka kujaribu glasi. Nilinyoosha mkono. Muuzaji akacheka, si kwa ubaya, akaisogeza glasi upande wake, akanitikisia kidole, akachukua mfuko. Nyuma yetu alikuja mzee mwenye baiskeli, akanywa kutoka glasi ileile, akaiweka mezani. Nikamtazama mama usoni. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mfuko haukuwa zawadi. Kaka Othman, mwanafunzi kutoka Unguja aliyekuwa akiishi ghorofa ya juu yetu, alituthibitishia. "Yule? Pale hata balozi akija na tai yake, atanywea nailoni. Mimi niliuliza. Aliniambia wateja wengine wataziogopa glasi."

Kuanzia hapo nikawa nachunguza kila kitu. Kwenye basi, kiti cha pembeni yetu kilibaki kitupu mpaka watu wakasimama wamebanana. Nikakiandika kichwani. Mwalimu wa baba alitualika chai ya asubuhi kwenye hoteli kubwa. Tulipokaa tu, mezani wote wakaanza kuosha vikombe na vijiti vyao kwa chai ya moto. Nikasema kwa sauti, kwa Kiswahili, "Mama, wanaosha kwa sababu yetu."

Baba alicheka mpaka akakohoa. "Watu wa mji huu huosha vyombo kwa chai kabla ya kula, hata wakiwa peke yao. Tazama ile meza kule." Nilitazama. Kweli, na kule walikuwa wakiosha. Mama hakucheka. Alikuwa ameshika kikombe chake kwa mikono miwili na hakunywa mpaka tulipoondoka.

Nikiwa mtu mzima nimejaribu kulieleza hili kwa watoto wangu, na njia niliyoipata ni hii: ukishanyimwa glasi mara moja, unaanza kuziona glasi zote kuwa umenyimwa. Nyingine ni kweli. Nyingine ni desturi tu ya watu na chai yao. Mtoto wa miaka saba atajuaje?

Hatimaye mpishi akarudi, mwezi ukiwa umebakiza siku tisa. Baba alikuwa maabara, kwa hiyo Kaka Othman ndiye aliyetupeleka siku ya kwanza. Jiko la Waislamu lilikuwa mwisho wa ukumbi mkubwa wa wanafunzi wa Kichina, lina mlango wake wa pembeni na kibao cha kijani. Ndani kulikuwa na meza sita, na harufu ya nyama ya kondoo kwa jira. Mama alisimama mlangoni akafumba macho. Nadhani alisikia kwao.

"Ingia, dada," Othman alisema. "Hapa utakula mpaka kanga igome kufunga."

Mpishi alikuwa Mchina Mwislamu kutoka kaskazini ya mbali, mtu mfupi mwenye kofia nyeupe na mikono ya kupigana mieleka. Watu walimwita Ma Shifu. Ma ndilo jina lake, na shifu ni kama sisi tunavyosema fundi, kwa heshima. Alitoa salamu ya Kiislamu kwa lafudhi yake, mama akaitikia kwa lafudhi ya Tanga, wakatazamana kwa furaha kama ndugu wasiojuana. Akatupatia mabakuli matatu mapya, la tatu la baba kwa kuwa lake lilikuwa limetoboka, akavuta uzi wa bluu kutoka kwenye mkebe, akafunga kila mkono wa bakuli mafundo matatu. Tukala tambi alizozivuta mwenyewe kwa mikono, ndefu kama kamba za viatu. Mama alimaliza bakuli akaongeza.

Kisha tukatoka uani kuosha. Kulikuwa na sinki refu la saruji lenye mabomba kumi hivi, linalotumiwa na ukumbi wote. Mama akaenda kwenye bomba la karibu. Hajafungua, Ma Shifu akatoka mbio, mwiko mkononi, akipiga kelele, "Hapana! Hapana!" kwa Kichina, neno ambalo hata mimi nilishalijua. Akatuelekeza bomba la mwisho kabisa, lililo peke yake kando ya mlango wa jiko lake. Halafu akatuonyesha pa kuyaweka. Kulikuwa na rafu kubwa ya mbao ya mabakuli ya watu wote, mamia. Yetu hayakwenda huko. Yalikwenda kwenye kabati dogo la wavu lenye kufuli. Ndani yake kulikuwa na mabakuli kama manane, yote yana uzi wa bluu, na nilijua ya nani. Lilikuwamo la Msudani mmoja mrefu, na la Msomali, na la ndugu wawili kutoka Mali, wote majirani zetu wa bweni. Hakukuwa na la Mchina hata mmoja.

Othman alikuwa ndani anapigania bakuli la tatu. Hakuona, na hata angeona asingesema, kwa sababu kwake mambo haya yalikuwa wazi kama mchana. Nimegundua maishani kwamba anayejua kitu vizuri ndiye anayesahau kukieleza.

Nikamtazama mama. Alikuwa anaosha, taratibu.

"Labda yale mengine hayatoi maji," alisema.

Lakini nilikuwa naona maji yakitiririka kwenye bomba la tatu, msichana anaosha sahani. Mama hajaona, nilijiambia. Mama hajaelewa. Na nikapata wazo: akielewa, tutaondoka. Alisema kama watu. Hapa napo ni nailoni ileile, isipokuwa imefungwa kwa uzi.

Basi nikaamua mama asijue. Kesho yake nilimwambia, "Mama, wewe kaa, nitaosha mimi." Alishangaa, maana nyumbani nilikuwa nakimbia vyombo. Kwa siku nne nikawa naosha mimi, ili asitoke uani akayaona mabomba mengine yakitoa maji. Nilimkalisha kila siku akitazama ukuta. Nilimsifia tambi ili aongeze. Usiku nilikuwa nahesabu siku zilizobaki. Siku ya tano tangu jiko lifunguliwe, Ijumaa, nikaona haitoshi. Siku moja atauliza uzi huu ni wa nini. Nikakata nyuzi zote tatu kwa meno. Nikaosha mabakuli kwenye bomba la katikati, kisha nikayapanga kwenye ile rafu kubwa katikati ya mamia ya mabakuli ya watu. Nikarudi nyuma kutazama. Majina yakiwa chini, hayakuonekana tofauti hata kidogo. Nilijiona nimemaliza tatizo la ulimwengu.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Baba hakuwa na maabara, kwa hiyo tulikwenda wote. Ma Shifu alifungua kabati lake, akahesabu, akakunja uso. Akatoka. Tulimsikia akihangaika uani, akigeuza bakuli moja moja kutafuta majina mekundu ambayo baba aliyaandika kwenye vitako alipokuja kula jioni ya siku ya kwanza. Aliporudi alikuwa amebeba mabakuli mawili mkono mmoja, na mkono wa pili, umenyooshwa mbele mbali na mwili, alikuwa ameshika bakuli langu kwa kipande cha gazeti. Hakuligusa. Alilishika kwa gazeti kama unavyoshika panya aliyekufa. Akaliweka sakafuni, si mezani, akaanza kufoka.

Sikuelewa maneno. Gazeti nililielewa.

Mama aliweka kijiko chini. Kikagonga meza kwa sauti ndogo. "Twende," alisema.

"Twende wapi?" baba aliuliza.

"Chumbani. Tukafunge mizigo."

Nililia. Sijui kama nimewahi kulia vile tena. "Nililiosha, mama! Nililiosha vizuri, wallahi, nilitia na sabuni! Naweza kuliosha tena!"

"Subirini," baba alisema. "Jamani, subirini kwanza nimsikie mtu." Akamgeukia Ma Shifu, wakasemezana, Ma Shifu akionyesha bakuli, akionyesha rafu ya nje, akipiga paja. Mama alikuwa amesimama tayari, amenishika mkono mpaka vidole vinaniuma.

"Anasema," baba akatafsiri, "mtu ametoa mabakuli yetu kabatini kwake akayatia kwenye rafu ya jumla. Na mtu mwingine akaliazima hili la mtoto akala nguruwe ndani yake."

"Akala nini?" mama aliuliza.

"Nguruwe. Ile soseji yao nyekundu, kipande bado kimo humo. Anaomba radhi, anasema miaka sita yuko hapa haijawahi kutokea. Ndiyo maana ana kabati, ana uzi, ana bomba lake, ili vyombo vyetu visichanganyike na vya ukumbi ule. Wanafunzi Waislamu wa Kichina wakirudi, hilo kabati halifungiki kwa kujaa."

"Kwa hiyo lile gazeti..."

"Gazeti ni la nguruwe. Kwani wewe ulidhani la nani?"

Mama alikaa kwenye benchi kwa kishindo, kama mtu aliyetua ndoo ya maji kutoka kichwani. Kisha akaanza kucheka. Alijifunika uso kwa mtandio akacheka mpaka mabega yakatikisika, na alipoufunua, mtandio ulikuwa umelowa. Nilidhani anacheka habari ya nguruwe.

"Haya," alisema akijipangusa, akisimama, sauti yake ya Tanga imerudi yote. "Udongo uko wapi?"

Hapa niwaeleze wasiojua. Kwetu pwani, kwa mafundisho ya Imamu Shafii tunayoyafuata, chombo kikiguswa na nguruwe kinaoshwa mara saba, na moja kati ya hizo ni kwa udongo. Ma Shifu naye alifuata mafundisho mengine, ambayo maji tu yanatosha mpaka uchafu utoke. Baba alihangaika kumweleza. Mtu wa watu akatazama jiko lake, sakafu yake inayong'aa, akamtazama mama.

"Anauliza, udongo? Ndani ya jiko lake?"

"Mwambie huyu dada yangu hatoki hapa bila udongo," Othman alidakia kutoka meza ya pili, mdomo umejaa. "Mwambie asipoutoa kwa hiari, huyu atamchimbia uwanja wa mpira."

Ma Shifu alitoka akarudi na chungu cha maua alichopandia pilipili kando ya mlango. Akachota udongo kwa kijiko kikubwa, kwa huzuni, kama mtu anayetoa mali ya urithi. Tukatoka wote uani, kwenye bomba la mwisho. Mama akalitilia bakuli udongo, akasugua. Ma Shifu alisimama kando yake akihesabu kwa vidole, kwa Kichina, na kila mama alipomwaga maji alitikisa kichwa kukubali. Kufika mara ya tano akawa anahesabu kwa sauti. Ya saba wakaitamka pamoja, yeye kwa lugha yake na mama kwa Kiswahili.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya baba. Niliona sasa ni lazima.

"Ni mimi," nilisema. "Nilizikata nyuzi kwa meno."

Baba aliinama. Hakufoka. "Kwa nini, binti yangu?"

Ningesema ukweli wote, ningesema na habari ya mizigo, na mama alikuwa pale. Nikasema nusu. "Nilidhani hawataki vyombo vyetu viguse vyao."

Baba akamtafsiria Ma Shifu. Nilimtazama mpishi nikisubiri hukumu. Alinikodolea macho, akasema neno moja fupi ambalo baba hakulitafsiri, akageuka akaingia jikoni kwake, kwa sababu supu ilikuwa motoni na haisubiri. Nikajua amekasirika. Tukamfuata na mabakuli.

Na hapa ndipo pale ninapopakumbuka kuliko pote. Ma Shifu alikuwa amesimama mbele ya sufuria, anabishana na baba juu ya jambo jingine kabisa, bei ya kondoo. Alitaka kuonja supu. Alinyoosha mkono bila kutazama, akachukua bakuli lililokuwa karibu, na lilikuwa langu, bado linachuruzika maji. Akachota, akanywa, akakunja uso, akatia chumvi. Akachota tena kwa bakuli lilelile, midomo yake palepale ninapoweka yangu. Akaridhika. Wala hakujua amefanya nini. Baba hakuona. Mimi niliona, na ilikuwa kama mtu ameniondolea begi mgongoni nililokuwa nimelizoea mpaka nikadhani ni sehemu ya mwili.

Baadaye alivuta uzi mpya kwenye mkebe wake akafunga yote matatu. Kisha, pengine baada ya kufikiria nilichosema, akafungua kabati, akaingiza mkono mpaka nyuma kabisa ya rafu ya juu, nisikofikia kuona, akatoa bakuli kuukuu, jeusi kwa kubanduka. La kwake mwenyewe. Uzi wake wa bluu ulikuwa umefubaa mpaka ukawa mweupe. Akaliweka kando ya langu, akafunga kufuli, akaniambia niende nikale.

Hatukufunga mizigo. Tulikaa miaka miwili, na baba akatutoa mpaka uwanja wa ndege akiwa naye amebeba begi lake la kurudi. Wanafunzi Waislamu wa Kichina walirudi Septemba, kabati likajaa kweli, na kukawa na foleni kwenye bomba la mwisho. Siku moja nilipenya mbele, dada mmoja wa kaskazini mwenye mtandio wa waridi akanishika bega, akanirudisha nyuma, akanisema kwa ukali kama anavyosemwa mdogo wa mtu. Nilirudi mwisho wa foleni nikitabasamu.

Sitaki kuwadanganya kwamba kila kitu kilikuwa hivyo. Yule muuza chai hakutupa glasi mpaka tunaondoka. Viti vya basi viliendelea kubaki vitupu. Mama wa getini aliendelea na daftari lake. Lakini nilikuwa na mahali pamoja pa kulinganisha, na hilo lilinitosha. Nilipopita kwenye kile kiduka nilijua kwamba kasoro iko kwenye meza ile ya bati, haiko kwangu.

Mama aliingia jikoni akanikuta nimekaa na bakuli.

"Unalikumbuka?" aliuliza.

Nikamweleza, kwa mara ya kwanza, ile nusu niliyoificha. Kwamba nilizikata nyuzi ili yeye asizione. Kwamba nilimkalisha akitazama ukuta. Nilijua akielewa ataturudisha Tanga, na mimi nilikuwa ndio kwanza nimempata baba.

Mama alivuta kiti akakaa.

"Mimi nilizihesabu nyuzi siku ileile ya kwanza," alisema. "Nyuzi kumi na moja, pamoja na zetu tatu. Na yale mabomba niliyaona yakitoa maji, mwanangu. Nina macho."

"Ulisema hayatoi."

"Nilisema ili wewe usijue. Ulikuwa unakula vizuri, kwa mara ya kwanza tangu tufike."

"Na baba? Kwa nini hukumuuliza baba?"

"Ningeuliza, jibu likawa lile ninaloliogopa, ningelazimika kufanya nilichokwisha kusema. Na mimi nilikuwa nataka kurudi Tanga?" Alicheka kile kicheko cha kwenye mtandio. "Siku nne unaniambia, mama kaa, nitaosha mimi. Nikasema alhamdulillahi, mtoto amekua. Kumbe mtoto ananificha nisione, na mimi nimekaa naangalia ukuta ili yeye asijue nimeona."

Tulicheka mpaka binti yangu akaja mlangoni kuuliza kuna nini.

"Basi si tungeulizana tu," mama alisema. Akalichukua bakuli, akalipitisha bombani, sabuni mara moja, maji mara moja. Akapakua supu, akaonja yeye kwanza, akaongeza chumvi, akampa mjukuu wake.

"Huu uzi ni wa nini, bibi?" mtoto akauliza.

"Kaa," mama alisema. "Kaa nikueleze."